"Amepona?" Kijana Mwenyewe Hajaulizwa



Katika nyumba zetu za Unguja, kuanzia vichochoro vya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo mpaka Nungwi na Makunduchi, lipo suali moja ambalo kila mwenye mgonjwa hulazimika kulijibu mara nyingi kwa siku. Huulizwa sokoni Darajani, huulizwa mlangoni mwa msikiti baada ya sala, huulizwa hata harusini: "Amepona?" Ikiwa mtu ameugua homa au amevunjika mguu, jibu lake ni jepesi, kwani homa hushuka na mfupa huunga, na kila mwenye macho huona. Lakini pale anapougua kijana maradhi ya nafsi, akawa hali wala halali, au amejifungia chumbani na skuli ameiacha, au anasikia sauti wasizozisikia wengine, au amenaswa na unga, suali hilo hilo huwa zito. Mama hujibu kuwa amepona kwa sababu sasa analala usiku. Baba husema bado, kwa sababu hajarudi skuli. Mwalimu wake wa chuo naye husema bado, kwa kuwa hajamuona darsani. Daktari hutazama dodoso lake na kusema kuwa alama zimeshuka. Wote hao wanasema kweli, kila mmoja kwa upande wake, na kijana mwenyewe hajaulizwa.

Tumeamua kuliandika jambo hili kwa sababu jibu la suali hilo lina gharama. Kwa jibu hilo dawa huendelezwa au husimamishwa, na kijana hurejeshwa skuli au hukalishwa nyumbani, au hutolewa katika nyumba ya upataji nafuu akarudishwa kwenye maskani ile ile aliyotokea. Na kwa jibu hilo watu hukata tamaa. Mzazi aliyeuza kiwanja ili amtibu mwanawe, akaangalia akaona kile alichokitarajia yeye hakikutokea, husema hapana faida, na wiki inayofuata hampeleki tena. Tukumbuke pia kuwa maradhi haya kwa sehemu kubwa ni maradhi ya umri mdogo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kuwa kiasi cha thuluthi moja ya wanaopata maradhi ya akili huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu yao kabla ya miaka 18. Yaani huanza wakiwa bado ni watoto wa skuli na wa chuo, katika umri ambao kwa desturi zetu mtu haulizwi anataka nini, bali huambiwa.

Njia tunayotaka kuizungumza leo ni nyepesi kuieleza. Kijana anapoanza tiba, yule anayemtibu hukaa naye na kumuuliza: ungependa nini kibadilike katika maisha yako kwa sababu ya kuja hapa? Wakizungumza wakaelewana, huandika malengo, yasiyozidi matatu, kwa maneno ya kijana mwenyewe. Kisha kila lengo hupewa ngazi ya kuanzia 0 hadi 10. Sifuri maana yake ni kuwa lengo halijasogea hata kidogo, na kumi ni kuwa limefikiwa lote. Kijana huulizwa: leo uko wapi? Akasema mbili, huandikwa mbili. Baada ya wiki kadhaa huulizwa tena, na mwisho wa tiba huulizwa mara nyingine, na masafa baina ya jibu la kwanza na la mwisho ndiyo kipimo. Mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Duncan Law, ndiye aliyeisambaza zaidi karatasi hii miongoni mwa wanaotibu watoto na vijana wa nchi ile, khasa baada ya mwaka 2011, serikali yao ilipoanza mpango wa kuimarisha tiba ya nafsi kwa watoto. Waliochunguza namba zake wanasema kijana akipanda kwa wastani wa kiasi cha pointi mbili na nusu, hapo mtu anaweza kusema kwa utulivu kuwa kuna mabadiliko ya kweli na si kupanda na kushuka kwa siku moja.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko karatasi hiyo. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Thomas Kiresuk na Robert Sherman, walipendekeza kuwa kila mgonjwa atengenezewe ngazi yake yenye vidato vitano, kwa kuwa waliona si haki kumpima kila mtu kwa kigezo kimoja hali ya kuwa kila mmoja amekuja na lake.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: kwani madodoso ya hospitali yana kasoro gani? Hayana kasoro kwa kazi yake. Dodoso linalotumika sana kwa ugonjwa wa sonona, lenye masuali tisa na alama zisizozidi 27, linapatikana kwa Kiswahili na linamfaa daktari kujua ukali wa maradhi. Lakini masuali yake ni yale yale kwa kila mtu: umelala vipi, umekula vipi, umejiona vipi katika wiki mbili zilizopita. Tutoe mfano, na ni mfano tu. Binti wa miaka 16 wa Jang'ombe alianza na alama 18, na baada ya miezi mitatu ana 8. Daktari amefurahi, mama amefurahi zaidi. Lakini binti huyo lengo lake lilikuwa kurudi kukaa na wenziwe wakati wa mapumziko bila ya kuhisi kuwa wanamsema, na katika lengo hilo yupo kwenye 2, pale pale alipokuwa. Huyu amepona? Sasa tumgeuze. Kijana mwengine alama zake za dodoso hazijashuka sana, usingizi wake bado ni wa mang'amung'amu, lakini alitaka aweze kupanda daladala peke yake mpaka Mwanakwerekwe na kurudi, na sasa anapanda. Huyu hajapona? Sisi tunaona kuwa mwenye dodoso peke yake angemwachisha tiba wa kwanza na angesema ya wa pili imeshindwa, na katika yote mawili angekosea.

Jambo hili linatuhusu zaidi tunapoingia katika balaa la unga. Visiwa vyetu vimekaa katika njia ya bahari inayopitishwa heroini kutoka Asia, na sehemu ya mzigo huo haikupita bali imebaki mitaani mwetu. Kwa kuupambanisha msiba huo, vijana waliokwisha kuuonja na kuuacha walianzisha nyumba za upataji nafuu, zijulikanazo na wengi kwa jina la soba hausi. Tangu mwaka 2015 Hospitali ya Kidongo Chekundu ina kliniki ya methadoni, ambapo mgonjwa hufika kila siku kunywa kikombe chake mbele ya muuguzi. Serikali nayo imejenga kituo cha tiba na marekebisho ya tabia Kidimni. Zote hizi ni juhudi za kushukuriwa.

Lakini angalia zinavyopimwa. Katika nyumba za upataji nafuu, kipimo kikubwa ni siku. Kijana huhesabiwa siku alizokaa safi: siku 30, siku 90, mwaka. Hesabu hiyo ina heshima yake, na aliyepata kumuona kijana akisimama mbele ya wenziwe kutaja siku zake anajua fahari iliyomo. Tatizo lake ni moja, nalo ni kubwa: hesabu ya siku inavunjika mara moja. Kijana aliyekaa safi miezi minane, akateleza usiku mmoja baada ya maziko ya nduguye, asubuhi anaamka na sifuri. Miezi minane imefutwa. Mtaa mzima umeshajua, na wa kwanza kusema "tulikwambieni huyu hafai" ni wale wale waliokuwa wakimpongeza.

Lau kijana huyo angekuwa na karatasi ya malengo, ingesoma vyengine. Tuseme aliandika matatu: aache unga, mama yake aweze kwenda sokoni bila ya kufunga chumba kwa kufuli, na ajifunze ufundi wa mafriji. Usiku ule wa kuteleza, lengo la kwanza limeshuka, tena pengine limeshuka sana. La pili limetikisika lakini halijaanguka, kwa sababu hakuiba. La tatu liko pale pale, kwani mikono yake haijasahau alichofundishwa. Anayemtibu akiishika karatasi hiyo ana pa kuanzia. Anaweza kumwambia: huku umeanguka, huku umesimama, njoo tuone kilichokushika huku kingeweza vipi kukushika kule. Familia nayo ikioneshwa (kwa idhini yake) inaona kuwa haikurudi kule ilikotoka. Sisi hatusemi kuwa kuteleza ni jambo dogo. Kwa mtumiaji wa heroini kuteleza baada ya muda mrefu kunaweza kuua, kwa sababu mwili umeshasahau kiasi uliokuwa ukikihimili. Ndiyo maana hasa hatutaki kijana aliyeteleza aone kuwa hakubakiwa na kitu cha kupoteza.

Tukiuangalia urithi wetu wa kielimu, hatuoni kuwa jambo hili ni geni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akatenganisha baina ya huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Na Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa muraqaba na muhasaba wa Ihyaa yake, ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara hamkabidhi mshirika wake mtaji akaondoka hivi hivi. Kwanza huwekeana masharti, na hiyo ndiyo musharata. Kisha humwangalia, na hiyo ni muraqaba. Kisha jioni hukaa wakafungua daftari na kuhesabiana, na hiyo ndiyo muhasaba. Mwenye duka yeyote wa Mchangani anaielewa habari hii bila ya kufasiriwa. Huwezi kufanya hesabu ya jioni ikiwa asubuhi hamkukubaliana mnauza nini.

Hapa lakini tunalazimika kusimama kidogo, maana tumeona baadhi ya watu wakiichukua fikra hii na kuipeleka pasipo pake. Al-Ghazali baada ya muhasaba ametaja hatua nyengine, ikiwemo muaqaba, yaani mtu kuiadhibu nafsi yake kwa ilichopunguza. Hatua hiyo imekusudiwa mtu mzima wa afya, anayejichunga katika njia ya Mola wake. Haikukusudiwa mtoto wa miaka 15 ambaye maradhi yake yenyewe ni kujilaumu usiku na mchana. Karatasi ya malengo ikigeuzwa daftari la madhambi, kijana ataandikiwa sala alizokosa na maneno aliyomjibu mamaake, na kila Jumatatu atakuja kusomewa. Huyo hatarudi Jumatatu ya pili. Sala ni wajibu wake, na anayetaka kuiandika kuwa lengo lake aandike, na wengi huandika, kwa sababu mgonjwa wa nafsi huona uchungu sana pale moyo wake unapokuwa mkavu mbele ya Mola wake. Lakini aiandike yeye.

Wengine huja kwetu kutaka wasomewe au waandikiwe kombe. Hilo hatulikatai, nalo si mpinzani wa hospitali. Mtafiti wa Kimarekani, Juli McGruder, aliyeishi na kufanya utafiti hapa Zanzibar juu ya familia zenye wagonjwa wa skizofrenia, aliona mambo mawili hayo yakienda pamoja nyumbani. Aliona pia jambo ambalo sisi wenyewe tunalipita bila ya kulitazama, kuwa familia zilizouchukua ugonjwa kama mtihani wa Mwenyezi Mungu hazikumbana mgonjwa kila siku kwa kumuuliza mbona hujapona. Zilimwacha akafanya kidogo anachokiweza, na siku asiyoweza hazikumsimanga. Kwa maoni yetu huo ni msingi mzuri kwa mambo ya malengo, maana lengo haliwezi kukua katika nyumba ambayo kila siku ni siku ya mtihani.

Jirani zetu wametutangulia katika kuuliza watu wenyewe. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio la tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona, likachapishwa mwaka 2003: vijiji 30, nusu vya wanaume na nusu vya wanawake, kila kikundi kikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kilichotuvutia sisi ni kile walichokifanya kabla ya tiba kuanza. Waliwauliza wanavijiji kwanza: mtu mwenye huzuni hii mnamwitaje, na mtu mzima mwenye afya hapa kwenu hufanya kazi gani kila siku? Wanawake walitaja kulima, kupika, kuangalia watoto, kwenda kwenye mikutano, kuwasaidia waliofiwa. Hayo ndiyo yaliyotiwa katika kipimo. Kwa hivyo mtu alihesabiwa kuwa ana nafuu pale alipoweza tena kwenda msibani kwa jirani yake, na si kwa alama za dodoso la kigeni peke yake. Mzanzibari gani asiyelielewa hilo? Kwetu mtu asiyeonekana msibani ndiye hasa tunayesema kuwa "huyu hayupo".

Miaka minne baadaye watafiti hao walichapisha jaribio jengine, mara hii la vijana 314 wa Kiacholi wenye umri wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda. Nako walianza na maneno ya wenyewe. Waacholi wana majina yao ya maradhi haya, kama vile *two tam* na *kumu*, na dodoso lilijengwa juu ya majina hayo. Wasichana waliopata tiba ya vikundi walipungukiwa na huzuni kwa kiasi cha kuonekana wazi. Kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutegemewa. Mtu anaweza kutoa sababu nyingi. Sisi, kwa tunavyowajua vijana wa kiume wa maskani zetu, tunadhani kuwa mvulana akiulizwa juu ya huzuni hujibu kidogo, na akiulizwa anataka kufanya nini na maisha yake hujibu zaidi. Lakini hayo ni maoni yetu tu, si matokeo ya jaribio lile.

Hapa kwetu Tanzania, mjini na vijijini Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, walishirikishwa katika jaribio watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, na baadhi yao wakatibiwa kwa mikutano ya vikundi iliyoongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Tiba ilipomalizika ilionesha manufaa katika sehemu tatu kati ya nne. Mwaka mmoja baadaye, Bungoma manufaa yaliendelea kuonekana, lakini upande wa Moshi waliopata tiba na wasioipata walikuwa wamekaribiana. Kilichopimwa kilikuwa dalili za mshtuko. Tungependa kujua watoto wale wa Moshi, lau wangeulizwa, wangesema walikuwa wakitaka nini: pengine kulitaja jina la mama bila ya kulia, pengine kupata mtu wa kumsimamia madaftari yake. Namba za dalili hazina pahala pa kuyaandika hayo.

Na liko lile Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoasisiwa na Dk. Dixon Chibanda mwaka 2006 akiwa na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare mjini Harare. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, humsikiliza matatizo yake yote, kisha humwambia: chagua moja, tuanze nalo. Mtindo huo umefika Malawi na umefika hapa Zanzibar pia. Hatuhitaji maelezo marefu juu yake, kwani kisiwa chenye barza katika kila nyumba ya zamani hakiwezi kushangazwa na benchi.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana mtu akiisifia dawa bila ya kutaja madhara yake si mkweli.

Kikwazo cha kwanza kwetu ni adabu yenyewe. Mtoto wa Kiunguja aliyelelewa vyema, akiulizwa na mtu mzima anataka nini, hujibu: "Vyovyote mtakavyo." Akishinikizwa hutaja kile anachodhani mkubwa anataka kukisikia, kwamba anataka kufaulu mitihani, anataka kuwasikiliza wazazi. Hayo huandikwa yakawa malengo, na kumbe ni malengo ya baba yake yaliyopitia kinywani mwake. Tena mtoto huyo ameshazoea kuwa namba ni maksi. Atampa daktari 8 kwa hishima, kama anavyompa mgeni kiti. Anayetibu vijana wetu hana budi awe na subira ya mkutano wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na aache ile namba kwanza. Baadhi ya watoto huelewa vyema zaidi ukiwaonesha ngazi za nyumba ya ghorofa: hapa ni mlangoni, kule juu ni darini, wewe leo umekaa kidato gani? Hapo hucheka, na akishacheka husema kweli.

Cha pili ni wazazi. Nao wana haki ya malengo yao, na hatukubaliani na wale wanaotaka kuwaweka mbali kabisa. Mtoto haishi peke yake, na aliyechoka kukesha naye ni mama. Yafaa wazazi nao waandike lengo lao, lakini katika karatasi yao mbali. Baba akiandika "arudi skuli" na mtoto akiandika "nisipigwe mbele ya wadogo zangu", daktari mwenye akili ameshajua kazi iko wapi, na pengine kazi hiyo haiko kwa mtoto.

Cha tatu ni malengo yenye madhara. Binti anayejinyima chakula atataka kupungua zaidi. Kijana wa unga atasema lengo lake ni kuutumia mwisho wa wiki tu. Kumuuliza mgonjwa hakuna maana ya kumuitikia kila analolisema. Hujadiliana naye, wakatafuta lililo nyuma ya hilo. Na yule aliyezidiwa, anayesema anataka kufa au anayesikia sauti zikimuamrisha, huyo hakalishwi kuandika malengo. Hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, dawa ikatangulia, na karatasi ikasubiri mpaka akili itulie.

Yako pia mambo ya wafadhili, nayo hatutayarefusha. Pale kituo kitakapoambiwa kuwa fedha zake za mwakani zinategemea malengo mangapi yamefika kumi, malengo yatakuwa madogo madogo, na yote yatafika kumi. Kipimo hiki kinamfaa kijana mmoja na anayemtibu. Hakifai kushindanisha kituo na kituo.

Limebaki suala la karatasi yenyewe, nalo wengi hawalifikirii. Ulaya kijana huenda nayo nyumbani akaibandika ukutani mwa chumba chake. Kwetu, chumba hicho analala yeye na ndugu zake watatu, na mkoba wake unafunguliwa na kila anayetafuta kalamu. Karatasi iliyoandikwa "nataka niache kuogopa kwenda chooni usiku" ikiangukia mikononi mwa binamu, kesho itakuwa ni kichekesho cha mtaa. Kwa hivyo tunaona ni bora ibaki kituoni, ndani ya faili lenye namba pasi na jina, na kijana aondoke na alichokikariri tu. Kukariri tunakuweza, tumekufundishwa chuoni. Na siku ya kumaliza tiba aulizwe anataka ifanyiwe nini: apewe, ihifadhiwe, au ichanwe mbele yake.